Maneno ya Daktari Niliyomnyima Baba Yako

Rwambuzi, Bunia
Jumatatu, tarehe 11 Aprili 2016

Mpendwa binti yangu Ketsia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Huko Lubumbashi mnaamkaje? Kikohozi chako kimeisha? Mjukuu wangu Gracia ameota meno ya mbele, au bado anacheka na pengo lake? Sisi hapa tupo. Mama yako mkubwa Alphonsine anaumwa magoti, lakini misa ya kwanza haimpiti. Mji umetulia kwa namna unayoijua: watu wanalima na kuuza, na gurudumu likipasuka barabarani kila mtu anatazama mlango uko wapi.

Mimi si mzima. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu, nimekwenda dirishani, nimerudi. Ngozi inaniwasha na kiti kimekuwa kigumu.

Mwezi wa pili picha ilionyesha uvimbe kwenye ini langu, mkubwa kuliko chungwa. Daktari mpasuaji wa Kampala ameiona. Anasema umechelewa kugunduliwa na umeegemea mshipa, lakini uko upande mmoja. Ataondoa karibu nusu ya ini, na nusu itakayobaki itakua tena. Hakunidanganya. Wapo ambao hawakuamka mezani, wapo waliorudiwa na ugonjwa mwaka uliofuata, na wapo wanaompigia simu kila Noeli. Nimekubali. Alhamisi napanda ndege na kaka yako Lambert.

Daktari aliuliza kwa simu kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua ini. Lambert akanijibia: "Hapana, Dokta. Iko baba mudogo tu, ule walimupatia sumu." Hapo nikajua siwezi kulala kwenye meza ile na kimya hiki.

Ketsia, baba yako hakupewa sumu.

Mwaka 2005 nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Mdogo wangu Gérard alikuwa mtu wa ng'ombe, hakujua Kifaransa. Mimi mwalimu nilikaa katikati yake na daktari mgeni, kama nilivyokaa siku zote katikati ya watu wetu na ofisi. Daktari alisema kuna uvimbe kwenye ini. Alisema ni mkubwa, lakini tukimfikisha Kampala mwezi ule wangeukata, na angeweza kuishi.

Njia ilikuwa barabara ya Mahagi. Amani ilikuwa imetangazwa redioni, lakini kwenye vizuizi wenye bunduki bado walimuuliza kila msafiri jina la baba yake na la babu yake, wapate kujua kabila lake. Mgonjwa hangekwenda peke yake. Wa kumsindikiza nilikuwa mimi.

Gérard akaniuliza, "Mukubwa, anasema nini?"

Nikamjibu, "Anasema turudi nyumbani. Dawa haiko."

Alifunga vifungo vya shati lake polepole, akamshukuru daktari kwa Kiswahili. Daktari akadhani tumepatana juu ya safari, akanipa mkono. Baba yako aliishi wiki tisa.

Tumbo lake lilipovimba, watu wakasema ni pombe ya ndizi aliyokunywa kwa jirani yetu Régine. Neno langu moja lingewanyamazisha. Sikulisema. Régine alitupiwa mawe juu ya bati mpaka akahamia kijiji cha Shari. Nami nikakulea, nikalipa deni langu kwako kwa vitabu na sare za shule, na kila mwaka unaniandikia kunishukuru. Barua hizo siwezi kuzisoma mara mbili.

Jumamosi nilimfuata Régine, nikamweleza yote mbele ya binti zake. Alinitazama sana. "Mwalimu, weye ulisoma mingi. Kama haungesoma, Gérard angeuliza mutu mwingine." Kisha akacheka, si kwa furaha. "Kaa basi, kunywa chai. Ao unaogopa chai yangu?" Nilikunywa. Nusu ikanimwagikia kwenye suruali. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Sasa sikiliza vizuri. Ugonjwa wangu umeanzia kwenye virusi vya ini, hepatiti B. Daktari anadhani mimi na baba yako tulivipata kwa mama yetu tulipozaliwa. Nawe unaweza kuwa navyo bila kuumwa popote, na Gracia pia. Nendeni mkapimwe damu wiki hii. Mkikutwa navyo, kuna vidonge, na ini litaangaliwa kila baada ya miezi sita, kabla halijafika hapa lilipofika langu. Msipokuwa navyo, ombeni chanjo.

Ukienda, ingia mwenyewe kwa daktari. Usipoyaelewa maneno yake, mwambie arudie. Usimwachie mtu mwingine akuambie amesema nini.

Usinijibu kabla ya upasuaji. Sitaki nipasuliwe nikiwa nimebeba msamaha ulioandikwa kwa haraka. Nikiamka, nitaingoja barua yako hata ikiwa chungu. Nisipoamka, Lambert ana nakala ya hii, ataisoma mbele ya ukoo wote, na jina la Régine litatajwa kwa sauti.

Msalimie mume wako Bruno na mama mkwe wako. Alphonsine na Lambert wanawasalimu. Mungu aliyekulinda bila baba awe karibu na mlango wenu.

Uliniandikia kwamba humruhusu Gracia kula wala kunywa kwa majirani, kwa sababu ya yaliyompata babu yake. Mruhusu, mwanangu. Anywe.

Anayekupenda, na aliyechelewa kukuambia,
Baba yako mkubwa,
Marcellin