Msitu wa Mahari Yako

Mamba Miamba, Same
16 Juni 2024

Kwako Dada Hedwiga,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wapwa zangu. Na mguu wa shemeji, umepona? Sisi huku miili haina neno. Mama anakohoa asubuhi baridi inapobana, lakini mchana hutoka mwenyewe kuota jua na kugombana na kuku. Mwaka huu ukungu umeshuka mapema hadi kanisani, na tangawizi inakaribia kuvunwa.

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei, na sikulaumu. Halafu niliyonayo si ya kusema kwenye simu, ambako mtu akifika kwenye neno gumu anaweza kusingizia mtandao. Tumainieli anakuja huko Morogoro kwenye harusi, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Yaliyotokea Pasaka unayajua, ila lazima niyaandike kwa mkono wangu mwenyewe. Ulimleta Bi Fadhila kutoka Same atueleze ule mkataba wa hifadhi. Akasema msitu wetu wa juu, unaolisha chemchemi na bwawa la ndiva tunalotumia kumwagilia mashamba, utabaki mali ya ukoo na hakuna wa kutunyang'anya. Kinachofungwa ni panga na jembe. Hatutafyeka wala kujenga humo, na atakayerithi au hata kununua baada yetu atakuta ahadi hiyo imeshakaa juu ya ardhi, naye itambana vilevile. Ulipoomba tukubali, niliinuka mbele ya ukoo mzima nikasema mwanamke aliyeolewa hana msitu Mamba, akatunze wa mumewe. Baba wadogo wakacheka. Ulichukua mkoba wako ukaondoka, hukungoja hata chakula.

Jambo ambalo hukulijua ni kwamba kabla hujaja nilikuwa nimeshampa neno Chande, yule mnunuzi wa tangawizi wa Same mjini. Alitaka kukodi ule msitu, aufyeke na kupanda, maana udongo wa msitu mpya hutoa tangawizi nono. Nilimwambia ardhi ni yangu peke yangu. Ndiyo maana nilitaka mkutano wako uvunjike.

Mwezi wa tano Chande akaja na vijana na chenso. Walikuwa wameangusha mti mmoja tu wa mkulo, ule mkubwa wa njiani, mama alipousikia mlio. Dada, mama yetu huyu wa kushikwa mkono kwenda kanisani, alipanda kilima kile na fimbo yake, akafika akihema, akaketi juu ya gogo. Vijana wakazima mashine. Chande alivua kofia, akamwamkia shikamoo, kisha akanigeukia akaniuliza kama nimetumwa na ukoo au nimejituma. Akasema yeye pia ana mama, na hawezi kulima palipo na chozi la mzazi. Wakakusanya vitu vyao wakashuka, nami nikabaki nimesimama pale kama mwizi aliyesahauliwa.

Mama akauitisha ukoo, akamwita na Bi Fadhila. Akawaambia jambo ambalo marehemu baba alilificha. Ulipoolewa, ndugu walitaka ng'ombe wa mahari yako wagawanywe kama kawaida. Baba akakataa, wala hakuwaambia amewapeleka wapi. Wakati ule mzee Eliezeri ndiye aliyekuwa na msitu ule, na alitaka kuukata auze mbao ahamie tambarare. Baba akampa ng'ombe wale wote, akauchukua msitu ukiwa umesimama. Hakutaka ujue, mama alisema, usije ukajiona umebadilishwa kwa miti. Kwa hiyo msitu wanaokunyima, mama akawaambia, ni ng'ombe zako.

Waliocheka Pasaka waliinamisha vichwa. Nami niliinamisha changu, wakadhani nimeshtuka kama wao. Mama mwenyewe akanitetea. Akasema, “Lukasi msimhukumu sana, alikuwa mtoto, hakujua.”

Dada, nilijua.

Ng'ombe wale niliwaswaga mimi. Nilikuwa darasa la sita, na mama alikuwa Vudee akimuuguza bibi. Baba alitangulia, mimi nyuma na kifimbo. Jike jekundu lenye pembe iliyovunjika liligoma kuvuka kijito, nikalivuta kwa kamba hadi viganja vikachubuka. Kwa mzee Eliezeri nilipewa maziwa. Tukirudi, baba aliniambia msitu ule ni wa dada yangu, ila nikae na neno hilo hadi siku litakapohitajika. Siku hiyo ilikuwa Pasaka. Nilipokuwa nainuka kwenye kiti nilikumbuka yote, hata ladha ya maziwa yale. Nilikumbuka kabla sijafungua mdomo, na bado nikaufungua.

Mama aliponitetea nilinyamaza pia, nikala chakula chake huku ananihurumia. Jumapili iliyofuata sikuweza tena, nikamweleza. Alimaliza kwanza kuwatupia kuku mahindi. Kisha akasema nisimpe yeye mzigo huo, nikuletee mwenyewe. Wiki iliyopita niliwaambia na baba wadogo. Baba mdogo Sifael aliinuka akaondoka bila kuniaga, na tangu hapo tukikutana njiani anaangalia mashamba.

Ukoo umekubali mkataba. Wamesema jina lako litangulie, na Bi Fadhila anasema bila sahihi yako hautakamilika. Kama hutaki kukanyaga huku kwa sababu yangu, yuko tayari kukufuata Morogoro. Ukija, nitakwenda kukaa Gonja kwa shemeji zangu hadi uondoke, ili usilazimike kuniona.

Msamaha sikuombi kwa barua. Hilo nitakuja kuliomba kwa magoti, ukiniruhusu. Ninachokuomba ni sahihi yako, na si kwa ajili yangu. Au labda ni kwa ajili yangu pia. Wengine wanaogopa kwamba mkataba ule utawafunga mikono. Mimi nataka unifunge, maana nimeshaona ninachoweza kufanya mikono yangu ikiwa huru.

Mama anakusalimu sana, anasema chumba chake kina nafasi ya kitanda cha pili. Mke wangu naye anakusalimu. Tangu nimweleze ananijibu kwa maneno machache. Wasalimie shemeji na watoto, ukiona salamu zangu zinastahili kuwafikia.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya hata kuliandika jina alilonipa baba,

Lukasi