Safu ya Tatu na Maji ya Bibi Nakijwa

Same, Jumamosi jioni.

Upepo wa Same leo hauna adabu. Tangu niteremke kwenye gari la Mhezi umenijaza vumbi machoni, na nguo nilizoacha zimeanikwa nje nazikuta zimelala chini. Sijaziokota. Viatu vyangu bado vina matope ya mlimani. Nimechoka, lakini nataka kuandika kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kujitetea.

Nina hasira na mimi mwenyewe.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: natengeneza programu za kompyuta, naishi Same mjini, kwetu ni Mhezi. Mwaka huu niliitengenezea kamati ya mfereji wa kitongoji chetu programu ya zamu za maji. Maji hukusanyika usiku kwenye ndiva, bwawa letu la mawe na udongo kule juu, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu. Zamani zamu ilitangazwa kwa mdomo, na haikupita wiki bila ugomvi. Mzee Elinami, mgawaji wa maji, alikuwa akisemwa kila siku kwamba anapendelea ndugu zake. Sasa programu inasoma jedwali la zamu lenye safu tatu na kutuma ujumbe kwa mwenye zamu na kwa Mzee Elinami: jina, siku, shamba. Kamati ikakubaliana kwamba simu ikishasema, hakuna kubishana.

Nilijivunia sana maneno hayo.

Wiki iliyopita katibu wa kamati, Baba Rehema, aliniomba niongeze kitu kimoja. Miaka ya Ujamaa watu wa kitongoji chetu waliteremshwa kutoka kwenye miteremko yao wakapewa mashamba Bondeni, kwenye tambarare, yakiwa yamepimwa kwa kamba na kupewa namba. Baadaye mambo yalibadilika, watu wakarudi kulima kwao juu, na Bondeni pakajengwa shule. Kamati ilitaka mashamba yale yaingie kwenye jedwali letu kabla wazee wanaoyakumbuka hawajatutoka. Niliona ni jambo jema. Jumanne usiku nikaongeza safu ya shamba la Ujamaa, nikalijenga jedwali upya, na nikaona inapendeza safu hiyo ikae kabla ya safu ya shamba la sasa, kwa kuwa ndivyo miaka ilivyofuatana.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Programu yangu haikuwa ikiita safu kwa majina. Ilikuwa ikisema: niletee safu zote, kisha nipe ya tatu. Nilipoiandika, ya tatu ilikuwa shamba la sasa. Baada ya mapambo yangu ya historia, ya tatu ikawa shamba la Ujamaa. Na kwa kuwa safu zote mbili zina jina la mahali na namba, programu haikuona tofauti yoyote. Ingekutana na tarehe mahali pa shamba ingegoma, nami ningestuka. Haikugoma. Ilituma ujumbe kwa wakati, umenyooka, hauna hata herufi iliyokosewa.

Na nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Sisi wa kazi hii tunafundishwa mapema kwamba safu huitwa kwa jina lake, kwa sababu mpangilio unaweza kubadilishwa siku yoyote na mtu yeyote. Nimewahi kumwambia hivyo mwenzangu, tena kwa sauti ya ualimu. Kwangu nikaona ni kajedwali kadogo ka kijijini, nani atakabadilisha?

Nilikabadilisha mimi.

Jumatano ilikuwa zamu ya Bibi Nakijwa, mjane anayepakana na shamba la mama yangu. Maharage yake yametoa maua, na mvua imetukimbia. Ujumbe ukamwambia: zamu yako ni leo, shamba Bondeni 7. Mzee Elinami naye akapata huohuo. Anasema alikuna kichwa, akausoma tena, kisha akakumbuka jinsi watu walivyomsema, akaona bora aifuate simu. Mfereji wa zamani bado unafika Bondeni. Tunausafisha kila msaragambo, siku ya kazi ya pamoja, kwa ajili ya bustani ya shule. Basi akafungulia huko. Maji ya ndiva nzima yakaenda kujaa kwenye uwanja wa mpira wa shule.

Wanafunzi walifurahi, nasikia.

Bibi Nakijwa hakuwa kwenye maharage yake. Alikuwa pale uwanjani tangu asubuhi, na jembe lake begani, akiyasubiri maji.

Alhamisi alfajiri Baba Rehema alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu niifute ile safu ya zamani, maana kabla haijaja tulikuwa salama. Nilimwomba anisubiri, nikazima ujumbe ili zamu zitangazwe kwa mdomo kwa muda, na jana nikapanda gari la kwanza.

Maharage nimeyaona. Majani yamelegea na maua yameanza kudondoka. Utaratibu wetu ni kwamba maji yaliyopita yamepita. Kumrudishia mtu zamu ni kumnyang'anya mwingine. Bibi Nakijwa angengoja mpaka mzunguko wote uishe, na maharage yake yasingefika huko. Hayo maharage ndiyo chakula chake na ndiyo mbegu yake ya msimu ujao.

Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi. Ningependa angenifokea. Alinipa kiti, akauliza habari za Same. Nikajikaza nikamuuliza kwa nini aliteremka Bondeni wakati anajua hakuna shamba pale.

“Najua pana shule, mjukuu wangu,” alisema. “Lakini Bondeni 7 tulipewa mimi na marehemu mume wangu. Tulilima pale tukiwa vijana. Niliposoma kwenye simu, nikadhani mmekumbuka.”

Nilikwenda nyuma ya jiko la mama nikalia, na sioni haya kuliandika hapa.

Zamu ya mama ilikuwa leo. Kwetu mtu anaweza kutoa zamu yake kwa hiari, mradi atamke mwenyewe mbele ya mgawaji wa maji. Nilianza kumweleza mama kwa kuzungukazunguka, hata sijafika katikati akanikata.

“Mahindi yangu yatavumilia. Ila kesho jembe utashika wewe, si simu.”

Jana mchana nikakaa na kompyuta kwenye ukuta wa kanisa, pale mtandao unaposhika, Baba Rehema pembeni yangu. Nikaondoa kila mahali nilipoandika ‘niletee zote’. Sasa programu inaomba safu inazozihitaji tu, kila moja kwa jina lake. Jina lisipoonekana, inasimama, inaniambia mimi, na haitumi chochote kwa mtu. Kisha nikalivuruga jedwali kwa makusudi. Safu ya Ujamaa nikaiweka mwanzoni, nikairudisha katikati, nikaipeleka mwisho na kuiacha hapo. Kila mara ujumbe wa majaribio ulitoka vilevile, na shamba ni lile la sasa.

Baba Rehema aliuliza tena kwa nini nisiifute tu, tuishi kwa amani. Nilimwambia siifuti. Ile safu haikufanya kosa lolote. Nikiifuta nitakuwa nimeificha aibu yangu kwa kuwafuta waliolima Bondeni. Akasema sawa, ila ikikosea tena kamati itarudi kutangaza kwa mdomo. Nimekubali. Ana haki.

Leo asubuhi mama alitamka mbele ya Mzee Elinami, na maji yakageuzwa kwenda kwa Bibi Nakijwa. Nimeshika jembe. Nimefungua vijifereji, nimeziba, nimeteleza mara kadhaa, mama akicheka bila huruma. Ardhi ilikuwa na kiu mpaka unasikia inavyokunywa. Maua yaliyodondoka hayarudi. Yaliyobaki ni mengi kuliko nilivyoogopa, na Bibi Nakijwa anasema atavuna, japo pungufu.

Nilipokuwa nikiaga alinipa simu yake. Nikadhani anataka kuondoa ule ujumbe wa Jumatano, nikamwambia ngoja nikufutie, bibi. Akainyang'anya haraka kuliko nilivyotegemea mtu wa umri wake.

“Usifute. Nataka unioneshe ninavyoweza kuutunza, simu ikijaa usipotee.”

Nikamwonesha. Akajaribu mwenyewe mpaka akaweza.

Jumatatu kuna zamu nyingine. Nitaamka mapema niusome ujumbe kabla haujatoka, na wiki ijayo nitazipitia programu zangu zote, moja baada ya nyingine, popote nilipohesabu safu badala ya kuziita. Sitangoja mtu asimame tena uwanjani na jembe kwa sababu yangu. Na kwenye jedwali la Mhezi, mstari wa Bibi Nakijwa utaendelea kusomeka hivi: shamba la sasa, Mteremko 4, shamba la Ujamaa, Bondeni 7.

Tumekumbuka, bibi, ingawa tulianza kwa kukosea.

Sasa naenda kuokota nguo zangu.