Mtihani Nilioufungua kwa Shikamoo

Cheyo,
Tabora.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Majidi,

Shikamoo. Na kabla sijaendelea, hilo sikio la kushoto vipi? Wifi Zamda aliniambia daktari kalisafisha, na sasa adhana unaisikia mwenyewe bila kuguswa bega. Nimefurahi sana. Lakini simu sipigi bado, maana tukiongea mimi na wewe kwa simu Cheyo nzima inajua habari zetu. Hii ninayokuandikia nataka uisome taratibu, umekaa, miwani umevaa.

Huku sote wazima, alhamdulillahi. Magoti yangu yananisumbua asubuhi tu, yakishapata joto yanasahau. Mwanangu Najiat anakuamkia. Mahindi ya shamba la Kwihara tumeshayaingiza ndani, na karanga mwaka huu zimekubali hata nimechoka kuzibangua.

Sasa keti vizuri. Kaka, mdogo wako nimefanya mtihani! Mtihani kabisa, wenye wasahihishaji na alama, mimi Tatu mshona nguo, mwenye miaka hamsini na minane, ambaye maisha yangu yote sijashika cheti chenye jina langu isipokuwa cha ndoa. Nilikuwa nataka kufaulu mtihani mmoja tu kabla sijafa. Ndicho nilichokuwa nakitafuta, usije ukaambiwa mengine.

Mtihani wenyewe ni wa lugha inayoitwa Kiesperanto. Najua umeshakunja uso, hata mimi nilikunja. Kuna daktari mmoja wa macho kule Poland aliitunga zamani, reli ilikuwa haijafika Tabora, ili watu wa mataifa mbalimbali wapate mahali pa kukutana bila mmoja kumtambia mwenzake kwa lugha ya kwao. Haina kabila wala serikali. Nikasema, basi hii inanifaa, hakuna atakayenicheka kwamba naivunja lugha ya mama yake.

Aliyeniingiza humo ni Kashindye, mfuga nyuki wa Usinge. Alikuja kibandani kwangu mwaka juzi na ile salamu yake ya Kinyamwezi, "mwangaluka," ya sauti kubwa, akataka nimshonee nguo za kurinia asali, zile za kufunika mwili mzima zenye wavu usoni. Akanionyesha kwenye simu mchoro wa kukatia, aliotumiwa na mfuga nyuki mwenzake wa Brazili. Mchoro safi, lakini maelezo yake sikujua hata neno moja. Nikamwuliza, wewe na huyo Mbrazili mnaelewana kwa lugha gani? Akasema Kiesperanto, na kajifunza humo humo kwenye simu, kozi ya mtandaoni, maelezo yote kwa Kiswahili. Nikamcheka mpaka machozi. Kisha akaanza kunisomea: hapa pindo la vidole viwili, hapa zipu, hapa mpira wa kubana mkono. Nikashona alivyosoma, na nguo ikamkaa, nyuki hawakupata pa kupenya. Siku ile ile nikamwambia Najiat anifungulie hiyo kozi.

Kwa kuwa mikono yangu iko kwenye cherehani kutwa, nilikuwa nasoma kwa mdomo. Somo nalisikiliza kwa hedifoni, nami nalirudia kwa sauti. Loo! Haikufika wiki ya pili mtaani ikavuma kwamba Tatu kapandwa na majini ya kigeni. Agnetha, jirani yetu yule Mkatoliki anayeimba kwaya, akaja na chupa ya maji ya baraka kaificha ndani ya khanga. Najiat naye, pamoja na kunifungulia kozi mwenyewe, kumbe maneno ya mtaani yalimtia hofu, alishakwenda kumwuliza shehe. Wawili hao wakakutana mlangoni, nami ndani nasema kwa nguvu zangu zote, "Mi estas kudristino," yaani mimi ni mshonaji. Agnetha hakungoja tafsiri, alininyunyizia nikiwa bado nimefungua mdomo, na kitambaa cha mteja kikalowa. Leo hii ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, na anaringa kuliko mimi.

Usidhani ni mchezo wa kupotezea muda. Kuna mama mmoja wa Korea, fundi kama mimi, amenionyesha kwa video namna ya kukata kola ikakaa bila kukunjamana. Mimi nikamfundisha jinsi ya kumpima mteja mnene bila kumwaibisha mbele za watu. Kiingereza hajui, na mimi sijui. Tungeonana wapi, kaka? Na Kashindye sasa masega yake hayavunjiki tena njiani, kaelekezwa na yule Mbrazili wake.

Basi kozi ikafika mwisho, na mwisho wake ni mtihani wa kuandika, halafu wa kuzungumza, kwa video, mbele ya wasahihishaji watatu. Wa kuandika nilitoka salama. Kwenye wa kuzungumza unatakiwa ueleze mahali unapotoka kwa dakika kumi. Nikaamua nitawaeleza Kwihara na njia ya misafara. Wiki tatu nilijiandaa. Nilikwenda mpaka kwenye lile tembe la kale, ile nyumba ya makumbusho, nikapima milango kwa futi yangu ya kushonea, mlinzi ananishangaa. Nikajua kusema kwa Kiesperanto mizigo ya wapagazi, maji yao, vituo vyao mpaka huko kwenu Ujiji. Nilikuwa nimeiva, haki ya Mungu.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, Najiat akanisimamishia simu kwenye kopo la vifungo. Nimevaa ushungi mpya. Picha ikafunguka, na msahihishaji mkuu ni bibi wa Hungaria, Bi Ilona, miaka kama themanini, mvi tupu, mabega yameinama. Nilitakiwa kusema "Bonan tagon," siku njema, imekwisha. Kaka, haikutoka. Mtu wa umri ule nimwambie siku njema, kama nampita gengeni? Mdomo ukajifungukia wenyewe. "Shikamoo, bibi!" Na kichwa nikainamisha.

Wote watatu wananitazama. Hapo kila kitu kikanitoka kichwani, Kwihara ikaondoka na wapagazi wake wote. Nikajua nimeanguka kabla sijaanza.

Bi Ilona akauliza nimesema nini. Ikabidi nieleze, na sikuwa nimejiandaa hata kwa sentensi moja. Nikamwambia kwetu mdogo hamwanzi mkubwa hivi hivi, lazima atangulize heshima, na mkubwa lazima aipokee, ndipo mazungumzo yaendelee. Akauliza mkubwa anapimwa kwa miaka au kwa cheo. Nikamweleza habari za shangazi aliye mdogo kuliko mpwa wake na jinsi wanavyotazamana hapo. Wakacheka. Wa pili wao, kijana wa Ureno ambaye thelathini hajafika, akauliza kama na yeye alipaswa kuniamkia. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia ndiyo, na mpaka sasa hujaniamkia, nakuvumilia kwa sababu ya mtihani tu! Mtoto wa watu akasimama kabisa mbele ya kamera, akatoa shikamoo imepinda kila upande, nikamwitikia marahaba, baba. Dakika kumi zikawa ishirini. Kwihara sikuitaja hata mara moja. Na wakati wa kuagana Bi Ilona akaniambia polepole, silabi kwa silabi, "Ma-ra-ha-ba."

Nilingoja majibu siku kumi na tisa, na nikisema nilitulia nitakuwa mwongo. Niliulizwa kwetu, nikajibu salamu! Gauni la bibi harusi nililishona mkono mmoja nje ndani, nikaufumua wote na kuanza upya. Nikajiambia, Tatu, umetafuta mtihani mmoja maisha yako yote, na umeupata, na umeuchezea.

Majibu yakaingia Jumanne. Najiat alitaka kunisomea, nikamnyang'anya simu. Nimefaulu, kaka! Nimefaulu! Themanini na saba kwa mia, na kuzungumza ndiko kulikonibeba. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mtoto kazaliwa. Sasa kila Jumamosi nina wanafunzi tisa barazani, wawili wanatoka Kwihara kwa baiskeli, na wenye kozi wameniomba nirekodi maelezo ya Kiswahili ya masomo yao kwa sauti yangu. Mtaani wananiita mwalimu. Mwanzoni nilikuwa nageuka kutazama nani anaitwa.

Kaka, jambo lililobaki ndilo lililonifanya niandike badala ya kusubiri uje. Mwaka ule mama alipolala kitandani, baba aliposema mmoja wetu aache shule amwuguze, wewe ulikuwa darasa la saba na mimi la tano. Nikabaki mimi. Hukuchagua wewe, ulikuwa mtoto. Lakini miaka yote hii, shule ikitajwa mbele yangu, unainuka kwenda kutazama kuku. Kila Idi unaniletea khanga na usoni hunitazami. Ulidhani sioni? Naona. Nilinyamaza kwa sababu, tuseme ukweli, kinyongo kidogo nilikuwa nacho. Sasa sina, nimekitafuta nisikione. Na ile miezi minane niliyokaa na mama, nikimchana nywele, akinipa hadithi zake zote, simbadilishii mtu yeyote.

Nisalimie wifi Zamda, mwambie dagaa zake zilifika na zimeliwa na mtaa mzima. Mwanao Abasi mwambie shangazi yake sasa anaweza kumkemea kwa lugha mbili. Najiat, Agnetha na Kashindye wanakusalimu, huyu wa mwisho ameweka na chupa ya asali.

Ndani ya bahasha utakuta cheti changu. Siyo nakala, nakala nimebaki nayo mimi. Nataka kikae sebuleni kwako, kwenye ule ukuta wa vyeti vyako vya ualimu. Kitundike safu moja na vyako, usikiweke chini. Na mgeni akiuliza ni cha nani, mwambie ni cha mdogo wako, naye amesoma.

Mola akupe afya, akulinde na wote waliomo nyumbani mwako, atukutanishe tukiwa tunacheka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye tangu utotoni,

Tatu