Ukungu Katika Nyumba ya Eda

Walukuba, Jinja
2 Mei 2024

Kwako dada Aminah,

Assalaam alaykum. Sisi hapa tu wazima kiasi, sijui nyinyi huko Mbale. Watoto hawajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinua magunia? Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imechukuliwa na shemeji Swaib. Anasema mjane aliye kwenye eda haongei na simu. Barua nampa Otiende, yule Mkenya wa lori la vitunguu, maana kila wiki anashusha mzigo sokoni hapa kisha anarudi kwenu.

Dada, tangu tumzike Wahab sijatia mguu nje. Swaib amepigilia plaiwudi kwenye dirisha ili wanaume wanaopita wasinione. Napikia ndani kwa sigiri ya makaa. Nguo nazo nazianika ndani, kwa sababu hataki nguo za mjane wa kaka yake zionekane kwenye kamba ya uani. Mvua haikatiki. Sasa ukuta wa chumbani umeota madoa meusi, yameanzia nyuma ya kitanda na yanapanda kwenye dari. Mama mkwe ameyatazama akasema ni marehemu, hajaridhika nami. Nimelia hadi nimechoka.

Rashidah anakohoa. Akilala kifua kinapiga mluzi. Ana miaka mitatu tu, hajui hata kusema kinamuuma wapi. Utuombee.

Mdogo wako,
Hajarah


Mbale
9 Mei 2024

Mdogo wangu Hajarah,

Wa alaykum salaam. Mgongo haujambo, ila moyo ndio unaowaka. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yangu ya karanga sokoni, na mteja mmoja aliondoka bila kununua kwa jinsi nilivyofoka peke yangu.

Marehemu hajaridhika! Wahab, mtu ambaye hata ukimpikia mchuzi wa chumvi tupu alikuwa anakushukuru, leo aje akuchoree madoa ukutani? Mwambie mama mkwe wako, kwa heshima zake zote, kwamba ule ni ukungu. Ni ukungu kama unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Na huyo Swaib amepata wapi uwezo wa kukunyang'anya simu? Wewe ulimpa kwa mikono yako au alikupora? Mimi angenipokonya simu, leo hii angekuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikiliza. Mwagize Nabirye, jirani yako, akanunue dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile kali. Mwaga ukutani, sugua mpaka weusi uishe. Usingoje ruhusa ya mtu. Sitaki kusikia tena kwamba mtoto anakohoa kwa sababu kuna mwanamume anayeogopa dirisha.

Dada yako,
Aminah


Walukuba
16 Mei 2024

Dada,

Salamu leo sina nyingi. Natumai nyinyi ni wazima, maana sisi nusura tusiwe.

Nilifanya kama ulivyoniamuru. Nilimwaga chupa nzima na kusugua, mlango umefungwa kwa kuwa Swaib alikuwa na wageni uani. Macho yalinitoka machozi, nikasema nivumilie. Nikageuka nikamkuta Rashidah amekaa sakafuni, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, dada. Nabirye alisikia ukelele wangu, akaingia bila hodi, akamnyakua. "Muto anakufa hapa, mama! Wewe kaa na eda yako, mimi napeleka yeye kwa dokta!" Alitoka naye mbio hadi kwenye boda. Mimi nilibaki nimeshika mlango, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshika mkono wangu.

Kule kituo cha afya walimpa dawa ya kuvuta, akatulia. Daktari alimwuliza Nabirye kama nyumba ina ukungu, Nabirye akasema ina kitu gani kingine zaidi ya ukungu.

Na ukuta wako huo uliokuwa mweupe? Madoa yamerudi. Swaib amekuja na kopo la rangi ya mafuta akayapaka juu, maana dua ya arubaini inakaribia na hataki wageni waone. Sasa chumba kinanuka rangi na uvundo kwa pamoja.

Wewe unaandika amri ukiwa umekaa kwenye nyumba kavu. Ulikuja mazishini ukaondoka kabla sufuria hazijaoshwa. Ukitaka kufoka, njoo ufokee hapa.

Hajarah, mdogo wako


Mbale
30 Mei 2024

Hajarah,

Nimefika salama na mtoto. Najua unanilaani, na laana hizo zimefika, hukuzitupa bure.

Ulisema nije nifokee hapo, nikaja. Wageni wa dua wote ni mashahidi kwamba nilifoka. Nilikwaruza ile rangi ya Swaib kwa ukucha mbele ya mama mkwe wako, ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake ukuta umelowa, ukungu umejaa tele. Nilimwita Swaib majina ambayo sitayaandika, kwa sababu barua hii inabebwa na mtu mwenye adabu. Nikamwuliza, hata yale matundu ya hewa juu ya dirisha umeyaziba? Unataka wafe? Unakumbuka alivyonijibu: "Mimi nilifunga dirisha peke yake. Zile tundu za juu si mimi. Uliza yeye."

Nikapanda kwenye stuli, nikavuta kitambaa kilichoziba tundu la kwanza. Shati la Wahab. La buluu, nililomletea mimi mwenyewe kwa Idi. Tundu la pili, kanzu yake. La tatu, fulana. Nikakugeukia, ukainama. Hajarah, nilimtukana mtu mbele ya masheikh kwa kosa lililokuwa lako! Hata sasa nikikumbuka masikio yanawaka moto.

Ukaenda kulia kwenye pembe yenye sigiri. Hapo ndipo nilipombeba Rashidah, nikampandisha lori la Otiende. Nilijua huwezi kunifuata. Nilijua eda imekushika. Ndiyo, nilifanya makusudi, na ungemsikia kwa masikio yangu anavyopiga mluzi kifuani ungefanya vilevile.

Nimemwuliza daktari wa huku, nikamweleza na upuuzi wangu wa ile dawa kali. Aliniambia nilitaka kufuta moshi na kuacha moto. Ukungu unaishi kwa maji. Mvuke wa sigiri, maji ya nguo mbichi, hata pumzi zenu mkilala, vyote vinakwenda kugonga ule ukuta wa baridi na kugeuka maji, na hewa haina pa kuyatolea. Kitanda kimeegemea ukuta, basi nyuma yake hapakauki kamwe. Sugua kwa sabuni na maji ya moto, pua na mdomo umefunga kitambaa, milango wazi, kisha ukauke kabisa. Usipake chochote juu ya ukuta ulio na maji. Pika nje. Anika nje. Sogeza kitanda. Godoro la mtoto limeshaoza chini, litupe. Na sigiri ndani ya chumba kilichozibwa inaua hata bila ukungu, shukuru Mungu mpo.

Nimemwendea pia mke wa imamu wetu. Amesema eda ni kukaa nyumbani kwako na kuacha manukato na mapambo. Ukiwa na haja kama ya kumtibu mtoto unatoka mchana. Hajui aya yoyote iliyokataza hewa.

Rashidah hatarudi kwenye chumba kile. Kikikauka, nitamleta.

Dada yako, upende usipende,
Aminah


Walukuba
6 Juni 2024

Aminah,

Leo sikuamkii. Mwizi wa mtoto haamkiwi.

Ndiyo, matundu nimeziba mimi. Unataka nipige magoti? Swaib alikuja na gunia kabla hata matanga hayajaanuliwa, akasema nguo za marehemu zitolewe sadaka, ndiyo desturi. Akazoa viatu, akazoa koti, akazoa mpaka kofia iliyokuwa bado ina jasho lake. Ningeficha wapi? Chini ya godoro walitazama. Kabatini walitazama. Kule juu hakuna aliyetazama. Na nilitaka harufu yake ibaki humu ndani isitoke na upepo. Wewe mumeo unamsikia kila siku akiingia na kelele zake na kudai chai. Mimi nina nguo zake tatu na unataka nizitoe.

Unanifundisha mambo ya mvuke. Huoni aibu? Umenishushia kilichobaki cha mume wangu na kunichukulia mtoto kwa siku moja.

Mrudishe mwanangu. Nguo nimezirudisha kwenye matundu, na sitoi kitu.

Hajarah


Mbale
13 Juni 2024

Hajarah,

Wa alaykum salaam, ingawa hukunisalimia.

Mtoto hajambo. Amelala juma zima bila mluzi. Jana alikimbizana na kuku wa jirani mpaka wakamwogopa, akarudi anahema kama mtoto yeyote anayehema kwa mchezo, kisha akatulia. Nilikaa nikamtazama nikalia, na mimi si mtu wa kulia, unajua.

Kila honi ikipigwa barabarani anasema, "Mama amekuja." Namwambia bado. Ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia mama yake. Umenifanya mtu mbaya machoni pa mtoto, Hajarah, na sikusamehi.

Wahab nilimpenda pia. Lakini Wahab amekwisha kufa, na huyu bado. Basi chagua, kwa sababu mimi nimeshachagua na sirudi nyuma.

Dada yako


Mbale
20 Juni 2024

Hajarah,

Otiende amerudi mikono mitupu. Anasema alibisha, hakuna aliyemfungulia, akaisukuma barua yangu chini ya mlango. Unaninyamazia? Nyamaza. Ila mjibu mtoto, anauliza.

Aminah


Walukuba
27 Juni 2024

Dada Aminah,

Assalaam alaykum, wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Rashidah hajambo? Usinijibu kwa barua, nitajionea mwenyewe.

Baada ya barua yako ya mwisho nilipanda kwenye stuli nikayashusha mashati. Nilikuwa na hasira nawe, nilitaka niyakumbatie ili nipate nguvu ya kukuchukia vizuri. Nikaweka pua kwenye lile la buluu. Dada, halina Wahab. Kanzu haina, fulana haina. Yote yananuka ukungu tu, na nyuzi zinakatika mkononi. Nimekaa siku zote hizi nalinda kitu kilichokwisha ondoka, na pumzi iliyolipa ni ya mwanangu, si yangu.

Sikulia. Nilichukua mchi wa kinu, nikaipiga ile plaiwudi mpaka misumari ikang'oka. Swaib alikuja mbio. "Wewe mwanamuke, watu wanaona wewe!" Nikamwambia waone. Waone mjane ana ukuta mweusi, waone mtoto hayupo, waone na wewe uliyepaka rangi juu ya ugonjwa ili wageni wale wali kwa raha. Nikamwambia anirudishie simu yangu au nitamfuata mpaka barazani kwake, eda au si eda. Nilipiga kelele ambazo hata wewe hujawahi kupiga. Nabirye alikuwa amesimama uani anapiga makofi.

Mama mkwe aliingia nikajiandaa kwa ugomvi mwingine. Aliokota fulana ya mwanawe sakafuni, akainusa, akaikunja. Kisha alibeba sigiri akaipeleka nje, na tangu hapo tunapika nje sote wawili.

Kitanda kimekaa katikati ya chumba kama kiko njiani kuhama. Godoro la mtoto limechomwa. Ukuta nimeusugua, nikaungoja, nikausugua tena. Asubuhi naweka kiganja pale palipokuwa na madoa. Ni pakavu.

Nilikukasirikia na bado nimekukasirikia. Utakapomleta sitakushukuru, usingoje. Nitakufokea kwanza mpaka majirani watoke, kisha nitakupa chai. Lakini mlete na lori la wiki hii, usiseme la wiki ijayo. Dirisha liko wazi, atasikia sauti yangu kabla hajashuka.

Mama yake Rashidah