Ukurasa wa Taimingi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Ukonga tu wazima; mguu wa bibi yako unapona. Umeniuliza usome vitabu gani ujue kutyuni injini, yaani kuirekebisha iwake sawasawa. Anza na kitabu cha kampuni iliyoiunda injini hiyohiyo, kisha kimoja cha mifumo ya mafuta na moto wa plagi. Ila kabla hujanunua, kila kimoja kipekue chote.

Kwenye gereji niliyojifunzia ujanani, Temeke, fundi mkuu Salehe alichana mbele yetu ukurasa wa taimingi kwenye kitabu cha gereji, ule unaoonyesha alama za kufungia mkanda wa injini. "Mkiujua nyote, mie nitakula wapi?" akacheka.

Mwenzangu Hamisi akafunga mkanda kwa kubahatisha, valvu zikapinda. Mwenye gereji akamfukuza Hamisi, Salehe akampa pole kwa hasara. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Mwenzako akikuomba kitabu, mpe na kurasa zake zote.

Babu yako