Tamsin Amevua Pete

Shosti, dada yangu Tamsin ameachana na Rupert! Harusi Jumamosi!

Alikuwa kwa kina Rupert, kwenye lile jumba lao, wanakunywa chai. Rupert akamwambia, "Mpenzi, mjomba wangu ndiye akuingize kanisani. Baba yako muuza nyama, wageni watacheka. Ni siku moja tu."

Ni siku moja tu! Kasema hivyo, shosti, huku anampakia siagi kwenye mkate!

Tamsin akavua pete, akaiweka mezani, akarudi nyumbani kwa miguu na mvua yote hii.

Sasa Baba, aliyekwisha kushona suti, anamfokea: "Kijana mzuri vile, amekukosea nini?"

Tamsin analia. "Nimemchoka tu, Baba."

Ameniapisha nisimwambie Baba ukweli.