Kiti ya Pembeni

Annick, ndiyo nafika nyumbani.

Unakumbuka maji ya radiateur ya gari yangu yenye ilikuwa inapotea, na chini ya gari hakuna hata tone? Fundi Swedi wa Buyenzi ameinua tapis ya kukanyagia mbele ya kiti ya pembeni ya dereva. Maji yote iko pale!

Akaniuliza: "Mama, mwenye anakaaka hapa hakukuambia miguu yake inalowa?"

Miguu yake, Annick!

Nikajibu: "Hakuna mutu anakaaka pale." Tangu waniulie bwana yangu mu njia ya Bugarama, hakuna hata mumoja. Nikalia mbele ya mafundi wote.

Swedi alifunga mupira ya chauffage yenye ilitoboka, ile inapitisha maji ya moto ndani ya gari, akapanda pale pembeni tujaribu gari.

Nikachagua njia ndefu.